Mbele Mara Tatu, Nyuma Mara Nne

Landrova ya shemeji yangu ina kadi moja, lakini ndani yake yamo magari yasiyopungua manne. Kadi inasema ni 109 ya mwaka 1968. Hiyo maana yake ni Series IIA, kwa sababu Series III haikuanza kutoka kiwandani kule Solihull, Uingereza, mpaka 1971. Lakini ukiisogelea unapokewa na grili ya plastiki, na grili ya plastiki ni ya Series III. Mlango wa dereva ni wa kijani nje na buluu ndani. Mlango wa abiria una tundu la kitasa ambacho hakijawahi kuwa cha gari hilo. Bodi ni alumini, haiozi, ndiyo sababu limeishi muda mrefu kiasi cha kukusanya viungo vya ndugu zake waliotangulia.

Hayo yote hayakumsumbua mtu. Gari halijui rangi ya mlango wake. Tena aliyemuuzia shemeji alikuwa mkweli kwa namna yake: alisema gari halijawahi kumsumbua barabarani, na barabarani kweli halikusumbua. Kwenye lami ya Makuyuni lilikimbia vizuri kuliko 109 yoyote niliyowahi kupanda. Zile nyingine ukifika kilomita 80 kwa saa zinalia mpaka unaona aibu kuendelea. Hili letu liliimba taratibu, na shemeji akawa anatoa mkono dirishani kama mtu mwenye gari jipya.

Kasoro ilianza kwenye mlima wa Mto wa Mbu. Pale ukingo wa Bonde la Ufa unasimama wima, na kila gari linaonyesha tabia yake. Letu, likiwa tupu, lilishuka gia mpaka ya pili, likapumua, likataka ya kwanza. Fuso lililosheheni saruji likatupita, na utingo wake akatupungia kwa huruma. Shemeji akasema injini ya lita 2.25 ndiyo ilivyo, na kwamba umri ni umri. Tukakubali.

Sasa, gari halikununuliwa kwa ajili ya lami. Dada yangu analima vitunguu Mang'ola, na barabara ya huko mvua ikinyesha inageuka kitu kingine. Landrova ya aina hii hutembea kwa magurudumu ya nyuma tu. Ukitaka ya mbele nayo yavute, kuna kirungu cha manjano karibu na gia: unakibonyeza chini, basi. Kuna na cha rangi nyekundu, ambacho ukikivuta nyuma unapata gia nzito na fowili kwa pamoja. Shemeji alikuwa akivionyesha virungu hivyo kwa wageni kabla hata ya kuwakaribisha chai.

Siku ya tope ikafika, kirungu cha manjano kikabonyezwa. Gari lilienda kama mbuzi anayepelekwa mnadani: nyuma anasukumwa, mbele amekaza miguu. Magurudumu ya mbele yaliburuzika, ya nyuma yakarusha matope mpaka juu ya turubai, usukani ukatetemeka, na kutoka chini ukasikika mlio wa chuma kinachofikiria kuvunjika. Tulipokitoa kirungu (na kukitoa ni kazi, maana lazima uvute chekundu nyuma kisha ukirudishe) likatulia. Likanasa, lakini kwa utulivu.

Baada ya hapo ulianza msimu wa mafundi. Dada alinituma niambatane na shemeji gereji, niwe jicho lake, kwa kuwa anaamini mume wake akiona spea iliyofungwa kwenye karatasi ya nta hawezi kujizuia. Fundi wa kwanza alilala chini, akatikisa propela, akatoka na uamuzi: kros. Zikabadilishwa kros. Wa pili akasema kros zilikuwa nzima, tatizo ni raba zinazobeba giaboksi. Zikabadilishwa raba. Wa tatu akasikiliza maelezo akiwa amesimama mbali kabisa na gari, akasema klachi. Jirani mmoja, ambaye si fundi na hakuombwa ushauri, alisema gari limepigwa jicho siku ile lilipompita mtu fulani sokoni, na kusema kweli huyo ndiye pekee ambaye hakutudai pesa.

Nilichojifunza gereji ni kwamba fundi hutibu sauti. Ukimwambia kuna mlio, atatafuta kinacholia. Huu ugonjwa wetu haukuwa na kitu kibovu hata kimoja. Kila chuma kilikuwa kizima, kimepakwa grisi, kinafanya kazi yake barabara. Havikupatana tu.

Aliyetupa kipimo cha kwanza cha kweli hakuwa fundi. Alikuwa askari wa usalama barabarani mwenye tochi, kwenye kipande cha 50. Shemeji alikuwa ameutazama mshale wa spidi kwa makini, nami niliuona: ulisimama kwenye 50 kama uliogandishwa.

"Sitini na sita," alisema yule mama askari.

"Afande, hii ni Landrova ya mwaka sitini na nane."

"Naiona, baba."

"Haiwezi kufika sitini na sita hapa, hata ikisukumwa."

"Imeweza."

Shilingi 30,000. Shemeji aliendesha mpaka nyumbani bila kusema neno, na risiti ikawekwa kwenye droo ya dashibodi pamoja na zile za kros, raba na klachi.

Risiti hiyo ndiyo iliyotuponya. Katika kuhangaika tulielekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu udereva, mtu aliyezizeesha Landrova nyingi na zenyewe zikamzeesha. Tulimwamkia, tukamweleza habari ya mbuzi na mnada. Hakulala chini. Aliuliza kama tairi zote ni saizi moja. Zote ni 7.50 kwa 16. Akauliza kama kwenye lami linakimbia. Shemeji, kwa fahari isiyofichika, akasema sana. Kisha akauliza, "Na mshale wa spidi, unasema kweli?" Hapo nikatoa risiti.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mshale wa spidi wa gari hili, alitueleza, unaendeshwa na giaboksi, hauendeshwi na magurudumu. Wenyewe unahesabu mizunguko ya propela na kudhani kwamba huko nyuma kuna difu iliyokusudiwa. Difu ya Series ni 4.7: propela izunguke karibu mara tano kasoro ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ukiweka difu ya 3.54, gurudumu linamaliza mzunguko mapema, gari linakimbia, na mshale haujui. Gawanya 4.7 kwa 3.54 upate 1.33. Gawanya 66 kwa 50. Serikali ilikuwa imetupimia difu ya nyuma, na kwa bei nafuu kuliko fundi yeyote.

Hata hivyo mzee hakutaka tuamini karatasi. Aliomba chaki.

Kipimo chenyewe hakihitaji kifaa cha maana. Unaegesha pahala tambarare, unaweka gia huru, unazuia magurudumu kwa mawe, kisha unainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na kuliacha jingine chini. Unachora mstari wa chaki kwenye tairi na mwingine kwenye propela. Halafu unazungusha tairi mara mbili kamili, na si moja, kwa sababu lile jingine limesimama na difu inakula nusu ya mzunguko. Mwenzako chini ya gari anahesabu propela.

Tulizungusha. Tairi halikuzunguka hata inchi. Vijana wa bodaboda waliokuwa wamekusanyika wakatangaza kwamba difu imekufa, na mmoja alikuwa tayari ana binamu mwenye difu ya kuuza. Mzee akauliza nani amevuta handibreki. Kijana mmoja mwenye nia njema akainua mkono: alivuta kwa usalama. Kwenye gari jingine angepewa soda. Kwenye Landrova handibreki haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale inapotoka giaboksi, hivyo alikuwa amekamata kitu kilekile tulichotaka kukihesabu. Tena haina usalama wowote ukishainua tairi moja, maana difu inaweza kuliachia gari likaondoka handibreki ikiwa imekaza vilevile. Ndiyo maana ya yale mawe.

Handibreki ikaachiwa. Propela ya nyuma: mara tatu na nusu, na kapunje. Kukatokea ubishi, wengine wakasema ni nne, soda zikawekewa dau, tukarudia. Tatu na nusu. Tukahamia mbele, kirungu cha manjano kikiwa juu ili propela iwe huru. Moja, mbili, tatu, nne, na chaki ikaendelea mpaka karibu na robo tatu. Umati ukanyamaza kidogo, kisha kila mmoja akasema alijua tangu mwanzo.

Ndivyo basi. Kirungu kikibonyezwa, propela zote mbili zinazunguka sawa, lakini kwa kila mizunguko mitatu ya magurudumu ya mbele, ya nyuma yanataka minne. Kwenye tope laini yanamalizana kwa kuteleza. Kwenye udongo ulioshika hakuna pa kutelezea, na ugomvi wote unakwenda kuishia kwenye shafti za magurudumu, ambazo kwa Series huwa zinakatika hata zisipochokozwa. Ilikuwa bahati tu kwamba hatukuzikata.

Mzee akafuta grisi kwenye flenji ya difu ya nyuma na kutuonyesha. Ilikuwa na matundu manane. Manne yana bolti, manne mengine yamezibwa na uchafu wa miaka. Mtu alikuwa ametoboa upya ili propela ikubali kufungwa. Kwa hesabu yake difu hiyo ilitoka mbele ya 110 ya miaka ya 1980, pengine iliyoanguka mahali na kuchinjwa. Na inaingia! Hilo ndilo linaloudhi. Waingereza wale waliacha umbo la difu bila kulibadilisha kwa miaka mingi: bolti za kuzunguka zinakaa, shafti zenye meno kumi zinaingia, mafuta yanajazwa, gari linaondoka. Kwa fundi wetu kitu kikishaingia kimekuwa cha gari. Na kwa kuwa mwenye gari aliyetangulia aliishi kwenye lami na hakuwahi kugusa kirungu, hakuna aliyeonja matokeo mpaka shemeji.

Dawa ni moja kati ya mbili: 4.7 pande zote, au 3.54 pande zote. Hapo nyumba ikagawanyika. Shemeji alitaka 3.54 na mbele pia, kwa sababu ameonja mwendo na ule mkono wake umezoea upepo. Dada aliuliza swali moja tu, kama vitunguu vinapanda mlima kwa mwendo au kwa nguvu. Vitunguu ni vyake. Tunatafuta 4.7.

Kuitafuta kumekuwa sarakasi ya pekee. Wauza spea wa Arusha, mji ambao Oktoba 2024 ulijaa Landrova kwa tamasha lao lenyewe, wana difu kila kona, na kila moja inaelezwa kuwa "orijino ya wan-o-naini kabisa, bosi wangu". Ukitoa chaki wanaona umewatukana. Mmoja alitufungulia mzigo kwa ukarimu wote, akatupa viti, akatuagizia kahawa, na meno ya pinioni yalipohesabiwa yakawa 13. Akasema tuhesabu tena tukiwa tumetulia. Tulitulia. Yalikuwa 13.

Basi ndugu msomaji, kama nyuma ya nyumba yako kuna difu ya Landrova ya zamani imelala chini ya mwembe, tafadhali ihesabu kabla ya kututafuta. Pinioni ikiwa na meno 10 na krauni 47, hiyo ndiyo. Tutakuja na fedha taslimu na gunia la vitunguu vya Mang'ola. Ikiwa ni 13 kwa 46, tunakushukuru, lakini hiyo tunayo.