YAH: Ombi la Kufunguliwa kwa Wodi ya Mafaili

Kwa Mheshimiwa ushikaye muhuri wa leseni za uuguzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wauguzi waliowahi kuacha kazi na sasa wanataka kurudi wanakusalimu. Wanakusalimu wakiwa wamesimama, maana benchi la kwenye korido yako linatosha watu wanne, na huyo wa nne lazima awe mwembamba. Bahasha zao za kaki zimeanza kuchanika pembeni kwa kufunguliwa na kufungwa. Hawana ugomvi na mtu. Mwandishi wa barua hii ndiye mwenye ugomvi, nao wamemwomba auseme kwa adabu.

Mheshimiwa unawafahamu, japo kwa namba za mafaili. Ni mama aliyefanya kazi wodi ya wazazi miaka kadhaa, kisha mume akahamishiwa mkoa mwingine, mtoto akazaliwa kabla ya siku zake, na mama mkwe akapata kiharusi, yote ndani ya mwaka mmoja. Likizo yake ya uzazi kwa sheria ya Tanzania ilikuwa siku 84; angejaliwa mapacha zingekuwa 100. Likizo iliisha, kiharusi hakikuisha. Akaandika barua ya kuacha kazi, akaenda kumgeuza mkwewe kitandani, kumlisha na kumnywesha dawa kwa saa. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2020 kuwa wauguzi tisa kati ya kumi ni wanawake. Kwa hiyo anayeitwa kuuguza nyumbani na anayeitwa kuuguza wodini ni yule yule, isipokuwa ya nyumbani haihesabiwi popote kuwa ni kazi.

Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kuwa dunia ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.9. Mtu angedhani kwamba mmoja akijitokeza kwa miguu yake dirishani pako, na kiatu cha kazi tayari mguuni, angepokewa kwa vigelegele. Mazungumzo huwa hivi:

“Leseni yako imekwisha muda. Lete uthibitisho kwamba umefanya kazi ya uuguzi hivi karibuni.”

“Ningefanyaje kazi, ndugu yangu, na leseni imekwisha?”

“Kufanya kazi bila leseni ni kosa. Umefanya?”

“Sijafanya.”

“Basi lete uthibitisho kwamba umefanya.”

Karani huyo hana kosa. Kila sentensi yake ukiipima peke yake ni nzima kabisa. Ni pale zinapokaa pamoja ndipo mama wa watu anapogundua kwamba mlango umechorwa ukutani.

Isidhaniwe kwamba wanaorudi wanakwepa kupimwa. Wanajua walichokikosa kuliko ofisi inavyojua. Aliyetoka kazini enzi za kwinini ya dripu amesikia kwamba malaria kali sasa hutibiwa kwa sindano ya artesunate. Aliyefundishwa kukandamiza kifua mara 15 kisha pumzi mbili anajua kwamba tangu mwaka 2005 ni mara 30. Kliniki ya wajawazito, aliyoiacha ikiwa na mahudhurio manne, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 iwe na manane. Hata uchungu umebadilishiwa hesabu: mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unaanza kuufuatilia kwa karibu njia ikifunguka sentimita tano, si nne kama zamani. Hayo yote anataka kufundishwa, na amenunua daftari. Hakuna aliyemuuliza hata moja. Aliulizwa kwa nini kitambulisho cha taifa kina jina la mume na cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kana kwamba ndoa ni jambo geni nchini.

Akaenda kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ndiye yeye. Akaenda polisi kuchukua ripoti ya upotevu wa cheti cha usajili. Akaambiwa alete barua ya mwajiri wake wa mwisho, yenye muhuri, na mwajiri huyo ni zahanati ya mtu binafsi ambayo siku hizi ni duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mkarimu. Alimpa risiti ya nondo.

Hakuna anayebisha uhakiki, na haki isemwe: mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walitangazwa kuwa na vyeti vya kughushi, na hakuna anayetaka kuchomwa sindano na mwenye cheti cha stendi. Lakini huyu anaambiwa aithibitishie ofisi kwamba ofisi ilimsajili. Daftari la usajili analo nani?

Uingereza, nchi isiyojulikana kwa kuchukia fomu, humtaka muuguzi awe na saa 450 za kazi katika miaka mitatu. Zikipungua, anachagua: kozi ya kurudi kazini, au mtihani wa maarifa na wa vitendo. Na korona ilipoingia Machi 2020, sheria ya dharura ilipitishwa na siku chache baadaye daftari la muda likafunguliwa, wauguzi walioacha kazi miaka ya karibuni wakaitwa warudi. Kumbe inawezekana. Kinachotakiwa ni wakubwa nao waogope kufa.

Ndipo linapokuja ombi kuu la barua hii.

Mheshimiwa, mafaili ya waombaji yamelala katika masijala yako, mengine tangu vuli iliyopita. Kila muuguzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mgonjwa aliyelala asipogeuzwa kila saa mbili hupata vidonda vya mgandamizo, kuanzia matakoni na visiginoni. Mafaili yako hayageuzwi. Wauguzi wanaomba wafunguliwe wodi humo humo masijala: vitanda sita vya kuanzia, neti zenye dawa kwa ajili ya mende, na kabati la dharura lenye pini, gundi na wino. Kwa kuwa faili si binadamu, kuliuguza hakuhitaji leseni. Na kwa kuwa ni kuuguza, saa zake zitahesabika. Uthibitisho utakuwa umepatikana, na karani atapumua.

Kila asubuhi kutakuwa na makabidhiano ya zamu, kitanda kwa kitanda. “Namba tatu, faili la kike, limeingia Februari kwa miguu yake. Usiku limetapika viambatanisho viwili. Halijapata sahihi kwa njia ya mdomo wala ya mshipa. Ndugu wameambiwa waje kesho.” Lenye picha pasipoti iliyobanduka litafungwa bandeji. Lililopauka litaongezewa wino mwekundu, baada ya kupima kundi, kwa maana muhuri wa duara ukiingizwa mahali pa muhuri wa pembe nne mgonjwa huanza kutetemeka. Mafaili yenye uchungu, yaani yanayokaribia kuzaa leseni, yatachorewa patografu. Mstari wa kuchukua hatua ukivukwa bila njia kufunguka, yatakimbizwa chumba cha upasuaji, ambacho ni meza ya Mheshimiwa, na Mheshimiwa ataombwa anawe mikono hadi kwenye viwiko. Saa za kutazama wagonjwa ziwe saa kumi hadi kumi na mbili jioni. Ndugu waje na uji. Na ikitokea faili limefariki, kwa kuwa mengine yamefika hapo yakiwa hoi, wafiwa wakabidhiwe mwili bila kudaiwa kwanza bili.

Maombi mengine ni madogo. Namba ya malipo isife kabla benki haijafunguliwa. Yule mtu anayeitwa Mhusika, ambaye kila akiulizwa hayupo, atangazwe redioni. Bei ya fotokopi nje ya geti lako isipande kila linapobandikwa tangazo jipya. Korido ipate feni, au dirisha, au hata picha ya dirisha.

Wakati hayo yakishughulikiwa, mtaani mama yule bado ni nesi. Saa nane usiku mlango unagongwa: mtoto ana degedege. Anamlaza ubavu, anamlegezea nguo, hamtii kijiko mdomoni na anamzuia bibi asimtie, anampigia simu dereva wa bajaji anayemjua, anawaambia waende hospitali sasa hivi na wamweleze daktari degedege imechukua muda gani. Ametazama saa ya ukutani tangu alipofungua mlango. Asubuhi anarudi koridoni kuambiwa hana uzoefu wa karibuni.

Na usiku huo huo, kwenye vituo vingi, muuguzi mmoja ameshika wodi ya wazazi peke yake. Mzazi mmoja akianza kutoka damu, zinazohesabiwa ni dakika. Hakuna kusubiri siku za kazi kumi na nne kama dirishani pako. Vifo vya uzazi Tanzania vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na namba hizo husomwa majukwaani kwa makofi. Zilishushwa na watu. Zilishushwa na mikono inayojua kukanda mfuko wa uzazi huku ikiita oksitosini. Mikono ya aina hiyo mmeisimamisha koridoni ikishika bahasha, kisha tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, mnavaa fulana na kuwaita malaika. Malaika gani anaambiwa njoo kesho? Ni upuuzi, Mheshimiwa, na kuna watu wanaulipia kwa damu.

Mwandishi anaomba radhi. Presha ilipanda kidogo, na waliokuwa karibu na mashine ya kuipima wamekataa kuigusa kwa sababu leseni zao zimekwisha.

Turejee kwenye wodi. Gharama ni ndogo, wauguzi wako tayari kuleta mashuka yao, na daftari la dawa wameshalichora mistari kwa mkono. Wanachosubiri ni idhini ya maandishi. Barua hii ikipotea, nakala ipo. Nakala ikipotea, ripoti ya polisi ya upotevu imeshachukuliwa na kulipiwa. Imeachwa nafasi ya kujaza tarehe tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi, kwa niaba ya walio koridoni

Nakala: Mhusika (akirudi kutoka semina)