Ombi la Kutambuliwa Kuwa Mgeni

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Sherehe Zote,
Chebunyo.

KUH: KUFUTIWA UENYEJI

Mheshimiwa,

Mimi ni yule kijana wa gitaa aliyewatumbuiza kwenye harusi ya juzi, kati ya kukata keki na kugawa sufuria. Naandika nikiwa na akili timamu: naomba kamati inifute katika orodha ya wenyeji na kunisajili kuwa mgeni.

Sababu niliisoma kwenye daftari la mhazini wako. Hema, viti, maua, kreti za soda, kila kitu kilikuwa na bei yake. Msanii wa Nairobi, ambaye hakutokea, alikuwa ameshatumiwa arubuni kwa simu. Mbele ya jina langu paliandikwa: “Huyu ni wa hapa, atakula.” Kweli nilikula, na wali ulikuwa mtamu. Shida ni kwamba nyuzi za gitaa hazili wali, na mwenye jenereta alikataa makombo.

Sikulaumu, Mwenyekiti. Maradhi haya ya kumtukuza mgeni tumeyarithi. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake ya kunasa sauti, akawakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani wa Mississippi waliyemjua kwa gramafoni tu. Kwa maelezo ya Tracey, walimsifu mpaka akawa nusu mtu, nusu swara. Na Rodgers alikuwa amefariki tangu 1933! Marehemu wa ng'ambo alipewa kwato. Mimi niliye hai sipewi hata nauli, kwa kuwa mnajua kwetu ni hapo tu, nyuma ya josho. Sauti za wasichana wale nazo zilitangatanga duniani kwenye santuri, ikapita zaidi ya miaka 60 ndipo watafiti wakazirudisha Kapkatet. Hata majani ya chai ya jirani zetu wa Kericho hupita kwanza mnadani Mombasa. Mimi sijavuka hata Bomet.

Wimbo wangu ukipigwa redioni, jirani huongeza sauti. Mtangazaji akitaja jina langu, huipunguza.

Mwezi uliopita nilikwenda duka la simu pale sokoni kutiliwa nyimbo kwenye flashi, shilingi 5 kila wimbo. Wa saba ulikuwa wangu. Nilipomwambia muuzaji, alinitazama usoni, akashuka hadi kwenye gamubuti, akauliza: “Kama ni wako, mbona unanunua kwangu?” Nililipa. (Alinipunguzia shilingi moja, kwa ujirani.)

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku kwetu mgeni huja, mwenyeji akabebeshwa spika.

Kwa hiyo, kwenye harambee ya Jumamosi nitaingia nikitokea upande wa Bomet, ndani ya gari la kukodi lenye vioo vyeusi, nimechelewa saa tatu. Nitasalimia kwa Kiingereza na kuomba maji ya chupa. Arubuni itumwe mapema. Tafadhali pia waonywe wazee wasiniulize kama ng'ombe wa baba wameshanyweshwa, na mama azuiwe kabisa kukaa viti vya mbele, maana ataniita kwa jina la utotoni.

Wako mtiifu,
Mgeni mtarajiwa, nyuma ya josho.