Bahari Imekwenda, Itarudi Saa Kumi

Shemeji yangu ni mtu wa Marangu, na mtu wa Marangu ukimwambia safari yeye anasikia mlima. Tulipomwalika kwenda Unguja, mimi na dada yake, alitokea bandarini Dar es Salaam alfajiri akiwa na viatu vya kupandia Kilimanjaro, fimbo mbili za kukunja na soksi nene za sufu. Nikamweleza kwamba Unguja, hata ukisimama pale palipoinuka kuliko kote, hufiki mita 200 kutoka usawa wa bahari. Akanijibu kwamba hata Kibo inaanzia chini.

Ilikuwa Julai, na Julai mwenye bahari ni kusi. Boti ilipotoka tu nje ya mlango wa bandari, wahudumu wakaanza kupita na mifuko ya plastiki, kimyakimya, wakimchagua abiria kwa kumtazama usoni. Safari yenyewe ni kama saa mbili. Bingwa wetu wa milima aliomba mfuko wa pili kabla wengine hatujaufungua wa kwanza. Baadaye alijitetea kwamba kule kwao ardhi ikishakaa imekaa.

Tulifikia Jambiani, pwani ya mashariki, kama saa tano hivi. Mke wangu alikuwa ameisubiri bahari hii tangu mwaka uliotangulia. Hakufungua hata begi la pili. Akavaa nguo za kuogelea, akajifunga kanga juu yake, akatoka mbio mpaka ufukweni, kisha akasimama ghafla, akageuka kunitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeihamisha.

Bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga mweupe, vidimbwi, ngalawa zimelala ubavu, na mbali kabisa mstari mwembamba wa povu. Sisi tuliozaliwa bara tunajua mito hukauka. Habari za bahari kwenda zake hakuna aliyetuambia.

Katikati ya uwanja ule walikuwepo akina mama wameinama, wakifunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Mke wangu akamwendea mmoja wao.

"Shikamoo mama. Samahani, bahari iko wapi?"

"Marahaba mwanangu. Imekwenda. Itarudi saa kumi."

Alisema vile bila kuinua kichwa, kama anayemsemea jirani aliyetoka kidogo kwenda sokoni.

Kumbe tulikuwa tumefika mwezi mpevu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana. Upande ule wa Unguja sakafu ya bahari ni tambarare kuanzia ufukweni hadi kwenye mwamba, kwa hiyo maji yakishuka mita tatu au zaidi, ufuko unasogea karibu kilomita nzima. Kwetu ulikuwa msiba. Kwa akina mama wale ndiyo saa ya kazi, na imekuwa hivyo tangu kilimo cha mwani kilipoanza kule mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuna anayeweza kufunga kamba ile maji yakiwa shingoni. Nami naamini, ingawa sina ushahidi, kwamba picha zote za matangazo ya hoteli za upande ule hupigwa alasiri.

"Basi tuifuate," akasema shemeji, huku akikunjua fimbo.

Tukaifuata. Yeye mbele na viatu vyake vya mlima, mke wangu kati, mimi nyuma na kandambili. Tulipokaribia maji ya magotini nikakanyaga mdudu mmoja wa mviringo, mwenye miiba mirefu myeusi iliyopita kwenye kandambili pasipo hodi. Nilirudi kilomita ile nimeegemea fimbo za mtu niliyekuwa nimemcheka bandarini, naye hakuniacha nisahau hata hatua moja. "Viatu, shemeji," alikuwa akiniambia kila tukipita kidimbwi. "Viatu." Yule mama wa mwani alituma mtoto akalete papai bichi, akalikwaruza, akanipaka utomvu kwenye nyayo. Nilipopiga ukelele akaniambia, "Nyamaza baba, miiba haina masikio."

Kesho yake, kwa kuwa maji yangepwa tena karibu na adhuhuri, tulikwenda msitu wa Jozani. Shemeji alifurahi: hatimaye kupanda. Akamuuliza mwongozaji kama njia ni ngumu. Mwongozaji, aliyevaa kandambili, akafikiri kidogo, akasema kuna mahali pana mzizi.

Wenyeji wa pale ni kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, ambao hawapatikani porini popote duniani isipokuwa Zanzibar. Hawaogopi watu hata chembe. Mmoja alikaa kwenye tawi juu ya shemeji, akamkagua kuanzia kofia hadi viatu, kisha akajisaidia haja ndogo kwa utulivu mkubwa. Mwongozaji akaona ndiyo nafasi ya kutufundisha: kima hawa hula majani yenye kemikali zinazosumbua tumbo, kama ya mkungu, ndiyo maana huokota makaa wakayatafuna ili kupunguza sumu.

"Na mimi nile nini?" akauliza shemeji, maji yakimchuruzika masikioni.

Changuu tulikwenda kwa mashua kutoka mjini. Watalii huambiwa ni kisiwa cha gereza, ila gereza lile halikuwahi kufunga wafungwa; waliowekwa pale ni wagonjwa na wasafiri waliotengwa kwa kuogopwa maradhi. Siku hizi wenye kisiwa ni kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Baadhi wameandikiwa umri mgongoni kwa rangi. Shemeji alipoona mmoja ameandikwa zaidi ya miaka 150, akavua kofia (alikuwa ameifua), akainama, akasema, "Shikamoo." Kobe akaendelea kula mchicha, na mguu wake mmoja akauweka juu ya kiatu cha Kilimanjaro. Tulisubiri mpaka akamaliza fungu zima. Mtu wa umri ule humsukumi.

Siku ya kuondoka, maji yalikuwa yamekwishabadilisha zamu. Saa mbili asubuhi bahari ilikuwa imefika hadi ngazi za hoteli, ya kijani, imetulia, tele. Dereva alikuwa nje akipiga honi. Mke wangu akanipa begi lake, akaingia majini na gauni la safari. Shemeji akamfuata kumtoa, na viatu vyake. Hawakutoka mpaka dereva alipozima injini, akaja kukaa nami kwenye ngazi.

Ndani ya boti shemeji aliketi pekupeku, viatu vimefungwa kamba vikining'inia shingoni na kudondosha maji. Bibi mmoja aliyekaa mkabala naye alivitazama kwa muda mrefu.

"Mjukuu wangu, kwani Unguja kuna mlima?"

"Upo, bibi," akajibu, uso mkavu. "Ila maji yakijaa hauonekani."