Taa ya Vitunguu

Jumapili hii, misa imeisha na watu wanapeana mikono nje ya kanisa, mwenyekiti wa kitongoji akanishika bega na kuniuliza kwa sauti ya mkutano wa hadhara: "Baba, kuna malalamiko. Usiku unachuchumaa bustanini na taa. Unamwangia nani?" Wanakwaya walikuwa hawajavua majoho. Mpiga kinanda alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nikajibu ukweli, na ukweli ndio ulionimaliza: "Naviongezea vitunguu mchana."

Niwaeleze ninyi, maana pale hakuna aliyenipa nafasi. Shemeji yangu alirudi kutoka Ufini na vitunguu vidogo vya rangi ya shaba ndani ya soksi. Jinsi vilivyopita uwanja wa ndege ni siri yake na Mungu wake. Kule bibi humrithisha mjukuu vitunguu hivyo kama huku tunavyorithishana mibuni. Havihitaji mbegu. Ndani ya kimoja mna machipukizi kadhaa, na kila chipukizi hujitengenezea kitunguu chake. Unapanda kimoja, unang'oa kichane kizima, unakula vikubwa, vilivyobaki unavirudisha ardhini. Na kwa kuwa hakuna chavua iliyoingia kati, kitunguu unachokikaanga leo ni mwili uleule alioukaanga mama mzaa bibi. Nani angekaa na habari hiyo asipande?

Huku kwetu Litembo, wilayani Mbinga, vilitoa majani ya kupendeza. Mama mkwe akapita, akang'oa kimoja, akakigeuza juu chini. Shingo ndefu, mizizi, basi. "Baba," akasema kwa upole unaoua, "kichwa chake mmekiacha wapi?"

Kichwa kilikuwa kinasubiri jua la Ufini. Kitunguu hakijazi kwa sababu kimeshiba mbolea. Hujaza mchana unapofikia urefu fulani, na kila aina ina kipimo chake. Helsinki mwezi wa Juni wana karibu saa 19 za jua. Sisi hata Desemba hatufiki 13. Jambo hili la mimea kupima mchana lilielezwa mwaka 1920 na Wamarekani wawili, Garner na Allard, waliosumbuliwa na tumbaku iliyorefuka kiangazi kizima bila kutoa ua. Wakawa wanavifungia vyungu vyake kwenye kibanda chenye giza kila alasiri, na ua likatoka. Tumbaku, ndugu zangu, hiyohiyo ambayo jirani zetu wa Namtumbo wanaikausha kwa moshi! Mwaka 1938 watafiti Hamner na Bonner wakaonyesha jambo la ajabu zaidi: mmea unachopima hasa ni urefu wa giza.

Basi, kama giza ndilo kizuizi, nikalipunguza. Nikatundika taa ya sola juu ya tuta, nikaiwasha jua lilipozama nyuma ya milima, nikakaa nayo mpaka saa nne usiku, maana taa ya sola isiyo na mlinzi hapa kwetu haioni asubuhi. Ndipo watu walipotuona, mimi na taa, tumeinamia majani kimya. Kuna mama aliyebadilisha njia ya kwenda kisimani.

Na vitunguu havikujaza. Nilikuja kusoma baadaye kwamba kitunguu kinataka pia ule wekundu wa mwisho kabisa wa mwanga, ambao jicho letu linauona kwa shida. Jua linao tele, balbu za zamani za waya zilikuwa nao, taa nyeupe ya sola karibu haina. Kwa hiyo niliitwa mchawi kwa taa isiyofaa hata uchawi.

Yaliyofuata ni madogo. Kuku walifukua tuta la pili. Vile nilivyovichomeka kwenye kingo za ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, mama mkwe alivipalilia pamoja na magugu alipopanda maharage.

Lakini kuna linaloniudhi ambalo si la kucheka. Vitunguu vya kugawanyika vinavyoridhika na mchana mfupi vipo. Anloga nchini Ghana wanavilima kwenye mchanga wa pwani. Brebes, Indonesia, wilaya nzima inaishi kwavyo, nyuzi saba tu kusini mwa ikweta. Sisi tuko kama nyuzi kumi na moja. Jua halina kosa. Ila mbegu ambayo mkulima akiinunua mara moja hairudii dukani haina wakala wa kuitangaza, haina fulana wala siku ya mkulima. Tunauziwa kopo la chotara, ambalo mbegu zake ukizitunza zinakuzalia watoto wasiofanana na mama. Tena mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko mbegu nyingi za bustani. Iache kwenye joto mwaka mmoja uone. Na makopo yanapangwa dirishani, juani, yapendeze.

Juzi nilishuka Mbinga mjini. Tarehe kwenye kopo ilikuwa imekwaruzwa, nikamuuliza muuzaji zimekaa tangu lini.

"Mzee wangu," akasema, "unanunua mbegu au kalenda?"

Nikanunua. Sikuwa na kwingine.