Hita Iliyogoma Kuwaka

Siku nilipopokea hita mbili za tangi la samaki kutoka Ujerumani nilikuwa barazani, nimevua shati, miguu imo ndani ya beseni la maji. Ilikuwa Februari, na anayeijua Februari ya Mitwero anajua kwamba hata kuku hutembea midomo wazi. Kijana wa bodaboda aliyeniletea boksi kutoka stendi ya Lindi alitazama picha ya kifaa kinachotoa mawimbi mekundu, kisha akanitazama miguu.

“Mwalimu, shikamoo. Hii ni ya kupashia nini?”

“Marahaba. Maji.”

Akalitazama beseni. Neno hakuongeza, ila nauli aliiongeza.

Nilipostaafu, wenzangu walinunua mashamba ya mikorosho. Mimi nilikata kipande cha kiinua mgongo nikanunua tangi la vioo lililokuwa likipamba mapokezi ya hoteli moja. Urefu mita mbili, upana sentimita 60, kina cha maji sentimita 50. Piga hesabu: lita 600, yaani kilo 600 za maji sebuleni, kabla hujaongeza vioo, mawe na lawama za mke wangu. Humo nikatia mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, wa buluu na wa manjano. Bahari ya Hindi iko pale chini, imejaa samaki wanaolika. Mimi nimewafuata wa ziwani, na siwali.

Hita zilitoka kwa shemeji yangu aliyeko Hamburg. Ameishi huko hadi amesahau jasho. Naye ana tangi kama langu, ila lake lina samaki wa Ziwa Tanganyika. Januari nje kwake kuna barafu, sebuleni nyuzi 20, na samaki wa Kigoma anataka 25. Kwake hita ni blanketi la mgeni. Alinifundisha kwa simu saa nzima: kadiria wati nusu hadi wati moja kwa kila lita, kutegemea chumba kilivyo baridi. Tangi kubwa usilipe hita moja yenye nguvu; lipe mbili za wastani, uziweke huku na huku. Moja ikifa, mwenzake atashika zamu. Moja ikikwama ikawa haizimi, haitakuwa na ubavu wa kuchemsha tangi zima. Ndiyo maana ametuma mbili za wati 300.

Niliandika yote daftarini. Swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza sikuliuliza: kwani maji yangu sasa hivi yana nyuzi ngapi?

Nikazizamisha, nikaziweka kwenye 25, nikachomeka. Kila moja ina kitaa chekundu cha kuonyesha kwamba inapasha. Vitaa havikuwaka. Bahati mbaya nilikuwa nimekwisha kuwaalika majirani waje kuuona mtambo wa Ujerumani. Walikuja, wakanywa kahawa, wakatafuna kashata, wakatazama giza.

Kwa aibu nikamwita fundi umeme, kijana ambaye hajawahi kukiri kushindwa na kitu chenye waya. Akachomoa moja, akaitikisa, akaitega sikioni. “Mwalimu, thamostati imekufa. Nakuungia direkti.”

Neno hilo “direkti” limeunguza pasi na majiko mengi kuliko radi. Lakini nilitaka kitaa. Akafungua, akaunga, akaziba kwa silikoni, akachomeka. Kitaa kikawaka kama jicho la paka. Majirani wakapiga makofi. Ya pili akasema ataimaliza kesho.

Saa kumi alfajiri nikasikia sebuleni: chup, chup, chup. Nikawasha taa. Mbuna wote wamejipanga juu ya maji, midomo wazi, kuku watupu wa Februari. Nikakumbuka kwamba kwenye kioo kuna kipimajoto, ambacho tangu nikinunue nilikifanya pambo. Kilisema 32.

Hesabu ikanijia pale pale, kwa kuchelewa. Uniti moja ya umeme hupandisha lita 600 kwa nyuzi moja na nusu hivi. Wati 300 kwa saa nane ni uniti mbili na ushei. Maji yalilala na nyuzi 29 yakaamka na 32. Na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo: lita moja yenye nyuzi 20 hubeba miligramu tisa hivi, yenye 30 hubeba saba na nusu. Papo hapo samaki naye, kwa joto hilo hilo, anahitaji oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Mwalimu yeyote anaijua hali hiyo kuanzia tarehe 20 ya mwezi.

Jirani yangu mvuvi, akielekea pwani, aliona taa akachungulia. “Mwalimu, baharini samaki akizidiwa na joto hushuka chini. Yule silikanti aliyenaswa Songo Mnara mwaka 2003, kwao ni zaidi ya mita mia kwenda chini, kwenye maji ya baridi. Hawa wako watashuka wapi? Mvunguni?”

Mke wangu alitoka chumbani. Alichomoa waya, akafunua kioo cha juu, akavuta feni na kuielekeza juu ya maji. Kisha akanigeukia. “Mwalimu,” akasema, na jina hilo hulitumia akiwa amekasirika tu, “mtungi unapoza vipi maji?”

“Mvukizo,” nikajibu. Neno nililoandika ubaoni miaka 30.

“Haya.”

Kufikia magharibi maji yalikuwa na nyuzi 28. Samaki watatu hawakuiona magharibi hiyo. Paka aliwazika kwa namna yake. Feni ile ni ya wati 50: kutwa kucha inakula uniti moja na kidogo. Hita ya direkti ingekula zaidi ya saba, kwa kazi ya kuniua samaki.

Hita ya pili fundi hakuigusa. Nilimkuta mlangoni na bisibisi yake nikamrudisha. Ikabaki imechomekwa, imenyamaza. Nikatambua kwamba haikuwa mbovu hata siku moja. Iliambiwa 25, ikakuta 29, ikakaa kimya. Katika sote tuliojaa sebuleni jioni ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amepima joto.

Julai kusi ilivuma siku tatu mfululizo. Alfajiri moja nikienda kutawadha nikaona wekundu gizani. Kitaa! Kipimajoto kinasema 24. Nikakimbia chumbani kumwamsha mke wangu aje ashuhudie. Akajifunga khanga, akatafuta kandambili moja, akatafuta ya pili, akaja.

Kitaa kilikuwa kimezima.

“Umeota,” akasema, akarudi kulala.