Meli ya Mguu wa Kitanda

Binti yangu ana miaka sita na hajui kuomba kitu kidogo. Mvua za Aprili zilipoijaza maji barabara yetu hapa Buyenzi, Bujumbura, wenzake walishusha vyombo vyao vya kandambili kuukuu kwenye dimbwi lililo mbele ya duka langu. Yeye alisimama pembeni, mikono kiunoni, akawatazama mmoja mmoja, kisha akaingia dukani.

"Baba, nataka meli. Ya mbao. Kama ile."

Ile ni Liemba, meli ya ziwani kwetu. Picha yake imening'inia juu ya rafu ya mikanda ya feni tangu enzi za marehemu baba yangu, mzaliwa wa Ujiji, ambaye aliipenda meli hiyo kuliko baadhi ya ndugu zake.

Ningekuwa na akili ningevuka barabara. Buyenzi hii, ukirusha jiwe likamkosa fundi magari litampata seremala. Yule wa mkabala nami aliyasikia maneno ya mtoto akanipazia sauti: "Lete franga elfu tano, kesho uje uichukue!" Nikamjibu kwamba ahsante, lakini mtoto ameniomba mimi.

Kiburi changu kilikuwa na msingi. Mimi ni muuza vipuri, na Liemba ni meli ya vipuri. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua yote, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000, wakayavusha bahari hadi Dar es Salaam, wakayapandisha treni kwenda Kigoma. Huko ikafungwa upya, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani. Sasa kama chombo cha mita sabini na kitu hufungwa na kufunguliwa kama gia boksi, chombo cha urefu wa mkono wangu kitanishinda nini?

Mbao niliipata stoo. Kulikuwa na kitanda kimefunguliwa, kimeegemezwa ukutani, na mguu wake mmoja ulikuwa mnene, mweusi, umenyooka kama umezaliwa kuwa meli. Sikuuliza kitanda ni cha nani. Vitu vya stoo huwa sivisumbui kwa maswali. Nilipopita nao kwa seremala alinitazama kwa huruma. "Mzee, huo mti ni chuma." Nikalipokea neno lake kama sifa.

Jumamosi, baada ya kazi za pamoja za asubuhi, nikaanza. Msumeno ulilia, ukapata moto, ukatoa harufu ya kitu kinachoungua. Nilikusudia omo iliyochongoka sawasawa. Nilipoiweka chini patasi, omo ilikuwa imepinda kushoto kama pua ya bondia. Msasa nao ulinitoa ngozi ya kidole kabla haujautoa mti chochote. Mambo hayo nayapita haraka, maana mabaya zaidi yanakuja.

Mambo yenyewe yalikuwa juu ya sitaha. Hapo nilijimwaga. Niliinua ghorofa mbili za vipande vya mbao. Madirisha nikayafanya kwa washa. Chombo cha kuvutia nanga kikawa beringi ya gurudumu la baiskeli. Na dohani, naomba msinicheke, ilikuwa plagi ya gari, mpya kabisa kutoka ndani ya boksi lake, imesimama wima na kauri yake nyeupe inang'aa. Niliirudisha meli mezani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona Wajerumani hawakuwa na lolote.

Lakini plagi haishiki kwa gundi ya seremala. Nikachukua supaglu, ile ninayowauzia wateja na kuwaonya kwa sauti ya kizee kwamba wasiimwage. Nikaimwaga. Nikaikamata meli kwa mkono wa kulia ili itulie, nikahesabu mpaka sitini, na nilipofika arobaini na tano akaingia Alhaji mmoja wa mtaani, mtu mzima, mwenye heshima zake, anatafuta pedi za breki.

"Asalaam alaikum," akasema, akaninyooshea mkono.

Nikamnyooshea meli.

Si kwamba nilitaka. Nilinyanyuka kumpokea mkubwa wangu, na meli ikanyanyuka nami. Kiganja kilikuwa kimekuwa sehemu ya chombo. Alhaji aliitazama dohani, akanitazama usoni, akaitazama tena dohani, kisha kwa adabu ambayo sitaisahau akaishika plagi kwa vidole viwili na kuitikisa mara moja, kama anayempa mkono mtoto wa mfalme. Hapo ndipo nilipojua kwamba gundi imeshika.

Pedi nilizishusha rafuni kwa mkono wa kushoto. Hilo mtu anaweza kulivumilia. Lakini ikafika chenji. Wasomaji mnajua: kwetu humpi mtu mzima pesa kwa mkono wa kushoto, labda kama unataka mkosane. Nikazipanga noti juu ya sitaha, kati ya beringi na ghorofa ya kwanza, nikamsogezea meli nzima.

"Samahani, Alhaji. Huu wa kulia una kazi."

"Naona," akasema, akapakua pesa zake. Mlangoni aligeuka. "Allah akufungulie."

Akanifungulia mama watoto, kwa chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ilichukua robo saa na chupa nzima. Alinuna siku mbili, na kilichomnunisha ni ile chupa. Mkono wangu hata hakuuulizia.

Jumapili tukaenda ziwani. Dimbwi la mbele ya duka lilikuwa limekwishakauka, na hata lingekuwapo nisingelishusha chombo cha namna ile kwenye dimbwi. Sikuijaribu kwenye beseni pia. Mama watoto alinishauri hivyo, nikamwuliza kama Liemba ilijaribiwa kwenye beseni.

Ufukweni kulikuwa na watoto wengi wenye kandambili zao: kijiti kimechomekwa katikati, kipande cha mfuko kimefanywa tanga, basi. Niliwatazama kwa dharau ya mwenye mali. Nilisahau kwamba Ali Skanda, fundi wa Lamu, pamoja na wenzake, waliunda jahazi zima kwa takataka za plastiki, wakalivika kandambili zipatazo 30,000, wakaliita Flipflopi, na mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar. Siku ile mimi nilikuwa na plagi mpya na sikutaka kukumbuka.

Binti yangu akaishusha kwa mikono miwili. Ilisimama. Kwa muda wa kutamka "maashallah" ilisimama vizuri, madirisha yakimetameta. Kisha ikaanza kuinamia kushoto, taratibu, kama mzee anayetafuta viatu vyake mvunguni, na ikapinduka. Wala haikuzama. Ikaelea kwa utulivu mkubwa, dohani chini, tumbo likiangalia mawingu.

Kimya. Kisha binti yangu akauliza, "Baba, inaogelea chali?"

Nikakunja suruali nikaifuata. Mtu wa Bujumbura maji yakimfika magotini humkumbuka Gustave, yule mamba wa Rusizi ambaye wazungu walimtengenezea hata filamu mwaka 2007. Nilimkumbuka kwa dhati. Nilikwenda polepole na kurudi mbio, na watoto wa kandambili walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa ameketi karibu anashona wavu. Aliipokea meli, akaipima uzito kwa kiganja, akaipindua, akaipindua tena.

"Mwanangu, chombo umeunda. Umekosea kukiweka tu." Akagonga plagi kwa ukucha. "Hii ni farumi. Farumi inakaa chini, ndani ya tumbo, mawe au mchanga, ili chombo kisilewe. Wewe umeitia kichwani. Hata mtu ukimtwika chuma kichwani naye miguu hana, utamlaumu akianguka?"

Nikajitetea kwa historia. Nikamwambia hata Liemba ilikwenda chini: mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, wakiwa wamezipaka mashine zake grisi, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Hao walipaka grisi," akasema. "Wewe umepaka nini?"

Nilitaka kuing'oa plagi palepale. Haikung'oka. Supaglu ninayouza ni nzuri, hilo naweza kuliapia. Nilipokuwa nahangaika, binti yangu akaninyang'anya meli, akaiweka majini vilevile chali, akaisukuma kidogo. Ikasimama imara. Wimbi likaja, ikapanda na kushuka. "Iache hivi hivi," akasema, na mzee wa nyavu akatikisa kichwa kukubali.

Nyumbani tulitoboa tumbo kwa msumari wa moto, tukachomeka mlingoti na tanga la kipande cha kanga ya mama yake (hilo nalo lina kesi yake), tukapaka rangi nyeupe na nyekundu. Ghorofa zangu mbili, madirisha, beringi na plagi vyote viko chini ya maji na vinafanya kazi nzuri huko. Omo iliyopinda kushoto, sasa kwa kuwa chombo kimegeuzwa, inapinda kulia. Kila mara inazunguka na kurudi kwa mwenyewe, na binti yangu anaamini niliipanga hivyo. Sijamwambia tofauti.

Limebaki jambo moja, na hili nawaomba nyinyi. Kile kitanda kilikuwa cha mama mkwe, kimefunguliwa kusubiri chandarua kipya na godoro. Sasa kimefungwa, miguu mitatu na matofali mawili, na Jumamosi ijayo mwenyewe anakuja kukilalia. Mwenye mguu wa kitanda wa mti mweusi, mnene, asiouhitaji, aniletee dukani Buyenzi. Bei nitakubali yoyote, na chenji nitampa kwa mkono wa kulia.