Mhadhara wa Wazi Kuhusu Sayansi ya Mtoano, Uliotolewa Kijiweni Kirumba

Kijana wa bodaboda, zima pikipiki, sayansi haishindani na ekzosi. Na wewe mama, beseni la dagaa lisogeze upande wa pili, upepo unatoka ziwani na mhadhiri anahitaji pumzi. Wabeja. Koti langu msiliulize. Ndiyo, kuna joto, lakini msomi hafungui vifungo mbele ya hadhira.

Wengi mnanijua. Kwa wageni: mimi ndiye bingwa wa kwanza, na mpaka saa hii wa pekee, wa Sayansi ya Mtoano katika Kanda ya Ziwa yote. Shahada yangu sikuisomea, niliikalia. Nimekalia zege la CCM Kirumba miaka mingi kuliko makocha wote waliopita pale walivyokalia mabenchi yao. Anayetaka kuona cheti aitazame suruali yangu kwa nyuma.

Mada ya leo ni moja: kwa nini timu ndogo huitoa timu kubwa kwenye kombe? Wapo wanaojibu kwamba mpira unadunda. Huo si utafiti, ndugu zangu. Tairi nalo hudunda, lakini sijasikia tairi limemtoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho. Wengine husema ni kamati ya ufundi, ile isiyomjua kocha wala haijui mazoezi, inayoruka ukuta usiku na yai mkononi. Nayo naikataa. Kama yai lingekuwa linafunga mabao, Bodi ya Ligi isingehangaika kutoza faini timu zinazokwepa mlango rasmi. Ingetoza ushuru wa kuku.

Tuanze na maabara iliyo karibu, uwanja huo hapo nyuma yenu. Tarehe 30 Aprili 2017, nusu fainali, Yanga mwenye kombe lake kaja Mwanza kucheza na Mbao FC. Mbao! Ndiyo kwanza ina msimu mmoja Ligi Kuu na... Nani kasema? Simama nikuone. Unasema Mbao haikuwa timu ya daraja la chini, ilikuwa Ligi Kuu kama Yanga? Kaa chini, baba. Mwaka 2016 Mbao ilimaliza ya nne kwenye kundi lake la Daraja la Kwanza, na kundi lilitakiwa kupandisha timu moja tu. Waliokuwa juu yake wakaadhibiwa kwa kupanga matokeo, maana siku ya mwisho mechi ziliisha saba bila na nane bila kama za watoto wa chekechea, ndipo Mbao ikaitwa. Aliyeingia harusini kwa sababu wenye kadi wamezuiwa mlangoni, huyo kwenye daftari langu bado ni mtu wa uani.

Matokeo: Mbao 1, Yanga 0. Na bao lenyewe beki wa Yanga alijifunga. Hapo ikazaliwa Kanuni ya Kwanza: timu ndogo haina haja ya kufunga, cha muhimu iwe karibu wakubwa wanapojifunga. Majuma matatu baadaye Yanga wakarudi Kirumba siku ya kufunga ligi. Walimaliza na pointi 68 sawa na Simba, tofauti ya mabao ikawapa ubingwa, lakini siku hiyo Mbao iliwachapa tena 1-0. Safari hii bao lilikuwa la kufunga kweli, jambo linaloiharibu Kanuni ya Kwanza, kwa hiyo nimelitoa kwenye utafiti.

Sasa tegeni masikio, maana utaalamu wenyewe uko hapa. Siku ile ya nusu fainali, ni nani aliyeshangilia? Niliona watu wazima wamekumbatiana, wengine machozi yanawatoka. Nikapita kumuuliza mmoja mmoja, kisayansi kabisa: wewe ni Mbao? Akajibu: mimi Simba. Na wewe? Simba. Na wewe mzee? Simba tangu inaitwa Sunderland! Watu walikuwa wameiazima Mbao kwa dakika tisini. Kisha ikaja fainali, tarehe 27 Mei, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, dhidi ya Simba, na ghafla Mbao ikapata wapenzi wapya. Wote Yanga! Wale wale walionuna Kirumba mwezi uliopita sasa wanaimba Mbao, Mbao, kana kwamba walizaliwa karakana ya seremala. Hii ndiyo Kanuni ya Pili, ninayojivunia kuliko zote: timu ndogo haina mashabiki, ina wapangaji. Wahenga walishaonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Msiniangalie hivyo. Nendeni Mabatini, Nyakato au Pasiansi mkamuulize mtoto wa miaka mitano timu yake. Atawatajia moja kati ya klabu mbili za Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi, naye bahari hajaiona hata kwenye kalenda. Pamba, TP Lindanda yetu, mwaka 2024 ilirudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka ishirini huko chini. Simba au Yanga wakija kucheza nayo hapa, hesabuni jezi majukwaani halafu mniambie mwenyeji ni nani.

Narudi Dodoma. Dakika tisini, bila bila. Kwenye muda wa nyongeza Blagnon akaifungia Simba, Robert Ndaki akasawazisha, na imebaki pumzi moja waende kwenye matuta, Simba wakapewa penalti. Shiza Kichuya akaweka ndani. Mbili moja. Msiseme ni nuksi ya Wasukuma. Ufaransa, mwaka 2000, timu ya daraja la nne iitwayo Calais, watu wa ufukweni kama sisi, iliingia fainali ya kombe la nchi, ikatangulia kufunga, kisha ikafungwa na Nantes mbili moja, kwa penalti ya dakika ya mwisho. Hesabu ile ile! Kanuni ya Tatu: penalti ya jioni huijua njia ya kwa tajiri.

Simba akadhani amepona. Tarehe 22 Desemba mwaka huo huo, Chamazi, Green Warriors wa Daraja la Pili wakatoka naye moja moja, wakamtoa kwa matuta 4-3, na kocha Joseph Omog akaonyeshwa mlango. Mwaka uliofuata, 26 Desemba 2018, Mashujaa wa Kigoma wakatoka Daraja la Kwanza wakamfunga 3-2 huko huko Dar es Salaam. Tazameni tarehe. Moja kabla ya Krismasi, nyingine siku moja baada yake. Mimi naona pilau. Watu wa Kigoma wao wanadai ni kina cha ziwa lao, Tanganyika, mita 1,470, wakati letu halifiki hata 100. Nimewajibu kwamba kandanda haichezwi chini ya maji, na kwamba kwa upana Afrika nzima hawatuwezi.

Nifunge kwa nadharia kuu, ambayo mama huyu wa dagaa ameibeba kichwani bila kujua. Sangara aliletwa ziwani humu miaka ya 1950. Akakua, akatanuka, akawala furu wa kila aina mpaka wengine hawaonekani tena. Lakini dagaa akabaki, tena akaongezeka, kwa sababu huzaliana upesi kuliko anavyoliwa. Basi nikaandika: timu kubwa ni sangara, timu ndogo ni dagaa, na dagaa hamalizwi. Nilitaka kuupeleka waraka huo chuo kikuu. Kisha ukaja mwaka 2020, Mbao ikashuka daraja, na Alliance, ya Mwanza hii hii, ikashuka msimu huo huo. Nikaufungua tena waraka wangu, nikafuta neno dagaa, nikaandika furu.

Maswali? Wewe wa bodaboda, nilijua tu. Unauliza siku ile ya tarehe 30 Aprili mhadhiri alikuwa amevaa jezi gani. Swali hilo liko nje ya mada. Hapana, koti sifungui, nimeshasema ni... Acha! Vifungo hivyo ni vya kushonea!

Haya. Ni ya kijani na njano. Kahawa kila mtu ajilipie.